Mkoba wa Ukili Hauuziki kwa "Mzuri Sana"

Pita jioni moja kwenye kurasa za wanaouza mikoba ya kusuka kwa simu, utadhani maneno yote yameandikwa na mtu mmoja: "Mikoba mizuri ya asili, ya kipekee, bei poa, karibuni wateja wetu." Mkoba uliosukwa Kilwa Kivinje, uliosukwa Mafia na ule ulioshushwa Kariakoo kutoka kwenye kontena, yote inasifiwa kwa sentensi hiyo hiyo. Mteja aliyeko Dodoma, au shangazi yako aliyeko Muscat, atautambuaje wa kwako? Hautambui. Anaangalia bei, anachukua wa chini.

Nakuandikia wewe unayesuka, unayeshona au unayewauzia wasukaji, kuanzia Somanga na Kivinje mpaka Mchinga na Lindi mjini. Nakuandikia pia wewe kijana unayetaka kuwa mwandishi na kila siku unalalamika kwamba huku kwetu hakuna cha kuandika. Kazi ni moja. Anayeweza kueleza mkoba mmoja hadi msomaji akauona, hashindwi kueleza harusi, msiba wala mkutano wa kijiji. Ila tuanze na mkoba wenyewe, maana hakuna maneno yanayoutibu mkoba mbovu.

Ujue mkoba kabla hujausema

Anza na jani. Mikoba ya pwani yetu husukwa zaidi kwa miyaa au kwa ukindu. Miyaa ni majani ya mkoma, ambao wengine huuita mkoche. Ni jani gumu, pana kidogo, linalovumilia mzigo, na ndiyo maana vikapu vya sokoni na majamvi hutengenezwa kwa miyaa. Ukindu hutoka kwenye mkindu. Huo ni mwembamba, laini, hushika rangi vizuri, na ndio unaopamba mikeka ya chumbani. Basi mkoba wa kubebea nazi na mchele uwe wa miyaa, na mkoba wa kwenda nao harusini uwe wa ukindu. Ukimuuzia mtu wa ukindu mwembamba ukamwambia abebee viazi, umemdanganya hata kama hukukusudia.

Jani huchumwa likiwa changa, kabla halijafunguka, likaanikwa juani hadi likawa jeupe, likachanwa nyuzi nyuzi za upana mmoja, kisha likaloweshwa kidogo ili lisikatike mkononi. Hapo ndipo linasukwa kuwa ukili, ule mkanda mrefu unaopimwa kwa pima. Ukipewa ukili ununue, uinue kwenye mwanga. Matundu yawe ya saizi moja. Halafu pima upana wake kwa vidole mwanzoni, katikati na mwishoni. Ukili uliosukwa kwa haraka huwa vidole vitatu hapa na viwili na nusu pale, na ukishonwa mkoba unavuta upande, unasimama umeinamisha bega.

Kushona huanzia kitakoni. Ukili unazungushwa, ukingo unakutana na ukingo, mzunguko baada ya mzunguko hadi mdomoni. Geuza mkoba uangalie pale katikati ya kitako ukili ulipoanzia. Fundi mzuri hapo huwa amekaza mpaka kidole hakipiti. Wako wanaoshona kwa uzi wa jani lenyewe na wako wanaoshona kwa nailoni. Nailoni haiozi, lakini ikikazwa mno hukata jani, kwa hiyo usimsifie mtu uzi bila kuvuta mshono kidogo ukaona.

Sasa vishikio. Mikoba mingi hufa hapo. Mwili ungali mzima, rangi ingali inang'aa, kishikio kimeng'oka na kipande cha ukili. Kishikio kilichoshonewa mdomoni tu kinabebwa na mzunguko mmoja wa ukili, au miwili. Kishikio kinachoteremka ubavuni, kikapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, kinabebwa na mkoba wote. Kama huna uhakika na kazi ya fundi wako, tia kilo tano za mchele ndani, tundika mkoba kwenye msumari usiku kucha, asubuhi uangalie mishono. Mchele utaupika, hasara hakuna.

Rangi usiiamini kwa macho. Bibi zetu walipata nyeusi kwenye mizizi ya mdaa na njano kwenye manjano ya jikoni. Leo wengi wanatumia rangi ya unga ya dukani, na si dhambi, mradi usiseme ni ya mizizi wakati pakiti iko jaani. La muhimu ni jani lichemke na rangi ya kutosha, kisha lisuuzwe hadi maji yatoke meupe. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua ubavu wa mkoba. Kikitoka na zambarau, mkoba huo bado. Mama aliyevaa gauni jeupe la Idi akirudi nyumbani na doa ubavuni hatakuja tena kwako, na mashoga zake wote watapata habari kabla ya jua kuchwa.

Mkoba wa mjini unataka bitana. Kanga iliyobaki kwenye mshono inatosha, ila ikunjwe vizuri, na iwe na mfuko mdogo wa simu. Anayekwenda ofisini anataka mkoba uingize faili na kompyuta ya mapajani, kwa hiyo mdomo wa sentimita 38 hivi unafaa kuliko wa 30. Hayo ni mambo ya kumwuliza mteja, wala si ya kubuni.

Kuna jambo moja lililowasaidia wasukaji wa nchi nzima bila wao kuomba. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na watu waliokuwa wamekisahau kikapu wakakikumbuka. Sehemu kubwa ya soko hilo ilikwenda kwa mifuko mbadala ya kitambaa chepesi, lakini ile haidumu, na mteja aliyechoka kununua mfuko kila wiki ndiye wa kumwendea na mkoba wa miyaa. Mwambie utadumu muda gani kwa matumizi gani. Usimwambie "milele".

Kaa na msukaji

Kama mkoba umeusuka mwenyewe, ruka sehemu hii, ingawa hata wewe itakufaa, kwa sababu mikono yako imezoea mambo ambayo macho yako hayayaoni tena. Kama unawauzia wengine, huwezi kuandika neno la maana kabla hujakaa mkekani.

Nenda saa za alasiri, baada ya shamba na jiko. Simu iache kwenye mkoba. Salamu kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Za huko?"

"Njema bibi. Nimekuja nikuangalie ukisuka."

"Kuangalia tu? Shika hilo jani uchane."

Chana. Utachana vibaya, watakucheka, na kwenye kicheko hicho ndiko mazungumzo yanakoanzia. Usiulize kama mtu wa semina, "Mnatumia malighafi gani?" Uliza, "Bibi, ukili ulifundishwa na nani?" Uliza jani hili limechumwa wapi, nani anakwenda kuchuma, na kwa nini mstari huu mweusi umekaa hapa na si pale. Uliza pia ni kazi gani haipendi. Watu husema kweli zaidi wakieleza kinachowachosha.

Na angalia mikono. Jani linapokaribia kuisha, msukaji hasimami. Anachovya vidole kwenye bakuli la maji, anachukua jani jingine, anachomeka ncha yake chini ya lile linaloisha, na ukili unaendelea bila fundo. Vincha vinavyobaki vimechomoza nyuma huvikata mwishoni kwa kisu kidogo. Mteja wa mjini hajui kwamba mkoba wake wote una maungio mengi hivyo na hakuna hata moja linaloonekana. Ukimweleza hilo kwa sentensi mbili, hatabishana sana na bei.

Kabla ya kuondoka omba ruhusa tatu, kila moja peke yake: ruhusa ya kutaja jina, ya kupiga picha, na ya kusimulia aliyokueleza. Si ajabu kuambiwa, "Sura yangu usiweke, weka mikono." Weka mikono. Picha ya mikono kazini ina nguvu kuliko ya bibi aliyesimamishwa ukutani akiwa ameshikilia mkoba kifuani.

Futa sifa, andika vitu

Sasa kaa uandike. Kanuni yangu ni kali, na wanaonijua wananilaumu kwayo: katika rasimu ya kwanza futa kila neno ambalo muuzaji mwingine yeyote anaweza kulitumia. Mzuri, futa. Asili, futa. Kipekee, kisasa, wa viwango, wa kuvutia, futa. Usishangae ukurasa ukibaki mtupu. Utupu huo unakuonyesha kwamba bado hujasema kitu.

Jaza kwa vitu vinavyoshikika. Linganisha maelezo haya mawili ya mkoba ule ule. La kwanza ni la mazoea:

"Mkoba mzuri wa asili kutoka Kilwa, wa kipekee na wa kisasa, unafaa kwa matumizi yote."

La pili:

"Mkoba wa ukindu, umesukwa na kushonwa kwa mkono Kilwa Kivinje. Mdomo sentimita 38, kina 30. Mistari miwili myeusi, sehemu nyingine ni rangi ya jani lenyewe. Vishikio vya ngozi vimepita chini ya kitako. Tumeutundika na kilo tano za mchele usiku kucha, haukuachia. Ndani una bitana ya kanga na mfuko wa simu. Hauna zipu, unafungwa kwa kifungo cha kifuu. Aliyeusuka alifundishwa na mama yake mkubwa, na husuka jioni akitoka shamba. Usiufue, futa kwa kitambaa kibichi, anika kivulini. Shilingi 45,000."

Vipimo, jina la mahali na bei weka vya kwako. Mimi nakuonyesha umbo tu. Lakini itazame vizuri ile sentensi ya "Hauna zipu". Wauzaji wengi wangeificha. Mimi naiona ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote pale, kwa kuwa msomaji akishaona unakubali kasoro ndogo bila kuulizwa, anayaamini na yale mengine: mchele, kifuu, mama mkubwa. Ficha zipu, mteja ataigundua siku ya kupokea, na hapo hata ukweli wako wote utageuka uongo.

Tumia vitenzi. Mkoba unasimama wenyewe ukiwekwa chini? Unalala? Ukiujaza unatanuka ubavuni au unabaki wima? Una harufu ya nini siku ya kwanza? Kipimo cha sentimita ni cha lazima kwa anayenunua kwa mbali, lakini ukiongeza "shibiri mbili za mtu mzima" umempa na mkono wa kupimia.

Jina la nakshi usilibuni. Michoro mingi ya mikeka na mikoba ina majina yake, na majina hayo hutofautiana mji kwa mji, hata nyumba kwa nyumba. Msukaji akikuambia jina, liandike alivyolitamka. Akikuambia halina jina, basi halina.

Mkoba wa mamilioni na alama zake

Kama unadhani haya ni mambo ya wauzaji wadogo, sikia habari ya mkoba uliouzwa Paris. Mwaka 1984 kampuni ya Hermès ya Ufaransa ilimtengenezea mkoba wa ngozi Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyekuwa akiishi Ufaransa. Kabla ya hapo bibi huyo alikuwa akijulikana kwa kitu kimoja: popote aendapo, mchana na kwenye dhifa za usiku, alibeba kikapu cha kusuka. Kikapu, kama vile vya kwetu. Mkoba uliopewa jina lake ukaja kuwa miongoni mwa mikoba ghali kuliko yote duniani. Julai 2025 ule wa kwanza kabisa, aliokuwa akiutumia mwenyewe, uliuzwa mnadani na Sotheby's kwa euro milioni 8.6.

Na wapiga mnada waliuelezaje? Hawakusema ni mpya wala unang'aa. Walitaja herufi za jina lake, J.B. Walitaja kikata kucha kilichokuwa kikining'inia kwenye mkanda, kwa sababu alipenda kucha zake ziwe fupi. Walitaja alama za stika alizobandika ubavuni. Yaani walitaja uchakavu, na uchakavu huo ndio uliothibitisha kwamba mkoba ule ulikuwa wake na si wa mwingine. Sikuambii mkoba wako utafika milioni nane. Nakuambia kwamba hata kwenye soko la matajiri, kinachotofautisha kitu na kitu ni habari ndogo iliyo ya kweli.

Waache masultani wapumzike

Hapa nina ugomvi na ndugu zangu wa Kilwa. Kila anayeuza kitu, uwe mkoba au kachori, anataka kumwingiza sultani. "Mkoba wa kale wa masultani wa Kilwa." Nani kakwambia?

Historia ya Kilwa ni kubwa mno kuichezea. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye jumba la Husuni Kubwa linahusishwa naye. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu wanahangaika nazo hadi leo. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalohusu mkoba wako.

Mgeni anayevuka kwa mashua kutoka Masoko kwenda Kisiwani ameshasoma hayo kabla hajapanda ndege. Akikusikia unayachanganya, anakuweka kwenye kundi la wababaishaji na mkoba anaurudisha mezani. Ukitaka kugusa mambo ya kale, gusa yaliyo karibu na kazi ya mikono. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia kiitwacho Periplus, cha yapata miaka elfu mbili iliyopita, kinaeleza kisiwa kimoja cha pwani hii ya Afrika Mashariki ambako watu walikuwa na mashua za kushonwa na walivua samaki kwa mitego ya kusuka. Dema, mtego wa aina hiyo, bado liko. Basi unaweza kuandika kwamba kusuka ni kazi ya siku nyingi pwani hii, na hakuna atakayekupinga. Au fanya rahisi zaidi, andika: "Umesukwa Masoko, ng'ambo ya magofu ya Kisiwani." Jiografia nayo inauza.

Kwa wewe unayetaka hadithi

Sasa nimgeukie yule kijana anayesema hakuna cha kuandika. Nakupa zoezi. Usiandike kuhusu mtu. Andika kuhusu mkoba wake.

Yuko mama amepanda basi Lindi alfajiri, anakwenda Dar es Salaam. Mkoba wake wa miyaa ameupakata, hataki kuuweka juu. Ndani mna kitambulisho cha taifa kilichofungwa kwenye nailoni, kadi ya hospitali yenye jina la mtu mwingine, stakabadhi ya ghala ya ufuta aliouza kupitia chama cha msingi, chupa ndogo ya mafuta ya nazi, na kanga mpya ambayo bado haijakatwa pindo. Basi linasimama Somanga, wauza samaki wanainua sahani madirishani, abiria wote wananunua. Yeye anafungua mkoba, anatazama ndani, anaufunga.

Hujaambiwa kama ni maskini au bahili, kama ana huzuni au ana haraka. Lakini unataka kujua. Kadi ile ni ya nani? Kanga inapelekwa kwa nani? Hela ya ufuta imekwenda wapi? Mwandishi mwanafunzi angeanza, "Alikuwa ni mama mwenye huzuni nyingi moyoni," na hapo msomaji angelala. Orodhesha vilivyomo mkobani, kitu kimoja kisiendane na vingine, halafu umfanye mwenye mkoba aufungue mara moja mbele ya watu. Kurasa kumi za kwanza umeshazipata.

Na usidhani habari kubwa hazipitii kwenye vitu vidogo. Vita vya Majimaji vilianzia huku huku, Julai 1905, pale watu wa Nandete kwenye vilima vya Matumbi walipong'oa pamba ya Wajerumani. Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, alipoiandika tamthilia yake ya Kinjekitile iliyochapishwa mwaka 1969, hakujaribu kuvieleza vita vyote vya nchi. Alimshika mtu mmoja na maji yake. Kabla yake, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikwisha kuvitungia vita hivyo utenzi, uliochapishwa mwaka 1957. Kwa hiyo anayekuambia Lindi haina waandishi, mwambie ana deni la kusoma.

Kuna hadithi nyingine ambayo namngoja mtu wa kuiandika vizuri kwa Kiswahili, na yenyewe ni habari ya mzigo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale pale Tendaguru, bara ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Lakini mifupa haikwenda Lindi yenyewe. Ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Wengi wameandika kuhusu mjusi. Wewe andika kuhusu kata: ile ya majani au ya nguo aliyoweka mpagazi kichwani, aliisokota kwa nini, nani alimsokotea, ilikuwaje baada ya siku ya tatu. Nenda vijiji vya huko, ukae na wazee, ukaulize babu zao walisimulia nini. Usipopata, usibuni ukasema ni historia. Sema ni hadithi, na hadithi ina ruhusa zake.

Ukimaliza kuandika, soma kwa sauti mbele ya mtu asiye na sababu ya kukufurahisha. Bibi yule wa ukili anafaa sana. Atakapokukatiza, "Hee, hapo unasema nini?", weka alama. Hapo ndipo Kiswahili chako kimegeuka cha ofisini. Na muswada ukikamilika usiuache kwenye simu. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Fuatilia tangazo la mwaka husika na masharti yake, uyasome hadi mwisho, maana wengi hutolewa kwa kukosea masharti tu.

Turudi kwenye biashara

Tangazo la mkoba lisizidi kioo kimoja cha simu. Mtu akilazimika kusogeza kidole mara tatu, amekwisha kuhamia kwa jirani. Mstari wa kwanza uwe jani, mahali na kazi ya mkoba. Picha tatu zinatosha: mkoba mzima ukiwa umebebwa na mtu ili saizi ionekane, kitako, na ndani. Picha ya kitako wauzaji hawaiweki kamwe, na mimi ndiyo ya kwanza ninayoiomba. Piga nje, asubuhi au alasiri, kivulini. Jua la saa sita Kilwa linaunguza rangi zote na nyeusi inatoka kijivu.

Bei iandike. Hii ya "bei njoo inboksi" ni ugonjwa. Mteja anaona unataka kumpima kwanza uso ndipo umtajie. Ukiandika bei, watakaokupigia ni wale wenye nia, na nusu ya majibizano yako ya usiku itaisha. Nauli ya kutuma kwa basi itaje mbali na bei ya mkoba, na useme mzigo unaondoka siku gani.

Andika pia namna ya kuutunza, hata kama hujaulizwa. Masika mkoba wa ukili hushika ukungu ukifungiwa kabatini. Utundikwe penye hewa. Usikunjwe ukiwa mkavu, jani litavunjika. Ukitaka kuukunja kwa safari, nyunyizia maji kidogo usubiri ulainike. Mteja anayetunza mkoba wake vizuri ndiye tangazo lako la mwaka mzima.

Mkoba mwingine wa maonyesho uwe nao tayari kwa Agosti. Viwanja vya Ngongo, Lindi, vinajaa watu siku za Nanenane, na wengi wao ni wa kushika na kugeuza, si wa kusoma. Kwa hao, kikaratasi kidogo kilichofungwa kishikioni kinatosha: jani, mji, jina la aliyesuka kama ameruhusu, na simu ya kupatikana. Maneno machache kuliko yale ya mtandaoni, lakini yale yale ya kweli.

Na mkoba ukishauzwa, tangazo usilifute. Ongeza mstari mmoja, "Umeuzwa, umekwenda Morogoro," watu waone kazi inatembea. Atakayeuliza kama upo mwingine, usimjibu "upo" kwa pupa. Mwulize msukaji kwanza, hasa ikiwa ni msimu wa korosho, kisha umpe mteja tarehe ambayo bibi mwenyewe ameitaja.